Mkufu wa mama urudi sandukuni

Swali: Assalaam alaykum daktari. Niko Langoni, Lamu. Bibi yetu alipigwa na kiharusi kabla ya Ramadhani, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Alilazwa, akaruhusiwa, tukaambiwa tumrudishe kwa mazoezi, lakini kumtoa nyumbani ni kazi. Sasa kuna kijana wa mtaa wa pili huja kumkanda kwa shilingi mia tatu. Anajiita fizio, ana cheti cha miezi sita. Ana adabu na hatuna neno naye, ila bibi analalamika bega linamuuma, na chakula hukibakisha nusu kila siku. Kijana huyo amemwambia mdogo wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha nne kwa C, ajiunge na chuo alichosoma yeye. Ada ni elfu arubaini na tano, halafu ataajiriwa hospitali ya serikali. Mama ameshautoa mkufu wake upelekwe kwa sonara. Je, cheti hicho kinatosha? – Zuhura.

Jibu: Waalaykum salaam, Bi Zuhura. Mwambie mama aurudishe mkufu sandukuni. Cheti hicho hakitamwingiza mdogo wako katika hospitali ya serikali ya Kenya kama mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ambayo kwa mkato huitwa fizio, si Lamu, si hapa kwetu Malindi, si Nairobi. Kijana aliyemwambia hivyo huenda hakukusudia kumdanganya. Nadhani naye aliambiwa maneno yayo hayo siku aliyolipa ada.

Na hilo la "daktari" nakuomba uliache. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa huniita daktari, wengine "sista wa mazoezi", na mzee mmoja huniita "fundi" tu, jina ambalo kwa kweli nalipenda. Marekani siku hizi anayeingia kazi hii husoma mpaka udaktari wa fiziotherapia, kwa hiyo huko neno lina mahali pake. Kwetu halina, na swali lako lote limekaa hapo hapo: nani ana haki ya kujiita nani, na nani wa kumwuliza akikosea.

Kazi yetu ilipata sheria yake mwaka 2014, Sheria Na. 20 ya mwaka huo, iliyounda Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Baraza ndilo linalokubali au kukataa chuo, ndilo linaloandika jina la mhitimu kwenye daftari, na ndilo linalotoa leseni ya kufanyia kazi. Watu huyachanganya hayo. Cheti cha chuo kinasema umesoma. Usajili unasema Baraza limekitazama cheti chako na kukikubali. Leseni inasema mwaka huu unaruhusiwa kumshika mgonjwa, na mwaka ukiisha unaihuisha, ukionyesha pia kwamba umeendelea kujisomea. Mtu anaweza kuwa na shahada imetundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu, lakini kama leseni yake ya mwaka huu haipo, haruhusiwi. Aliyesoma miezi sita hajafika hata ngazi ya kwanza kati ya hizo tatu, maana cheti chake si cha kozi ambayo Baraza linaikubali.

Kwa hiyo njia ya mdogo wako ni hii. Mlango wa chini kabisa ni stashahada ya miaka mitatu, na chuo kinachojulikana zaidi kwa hilo ni KMTC, Chuo cha Mafunzo ya Tiba, kilichoanza mwaka 1927. C yake inamfikisha mlangoni, lakini wastani peke yake hautoshi. Watatazama biolojia, watatazama Kiingereza au Kiswahili, na mojawapo ya fizikia, kemia au hisabati. Nitumie alama zake za masomo hayo kabla hamjajaza fomu yoyote. KMTC ina kampasi mpaka Lamu, na hapa wengi hukosea: si kila kampasi hufundisha kila kozi. Asije akajaza Lamu kwa sababu ni karibu na nyumbani, akajikuta kwenye kozi nyingine. Angekuwa na C+ ningemwambia ajaribu shahada ya miaka minne, vyuo kama Moi na JKUAT wanayo. Kwa C, aanze na stashahada, afanye kazi, ajiendeleze baadaye. Wenzangu wengi wamepita njia hiyo na hakuna mgonjwa aliyewahi kuwauliza walianzia wapi.

Chuo kingine chochote kikimwita, cha Mombasa au cha ng'ambo, swali ni moja kabla ya senti kutoka: Baraza linakitambua kwa kozi hii? Aulize Baraza lenyewe, asiulize chuo. Chuo hakiwezi kukujibu "hapana". Tena aangalie jina la kozi neno kwa neno. "Masaji na tiba ya viungo", "ustawi wa mwili", "afya ya michezo", yote hayo yanaweza kuwa masomo ya halali kwa hoteli za Shela na Watamu, na kuna watu wanakula vizuri kwa kazi hiyo. Hayafungui mlango wa wodi.

Kuna jambo ambalo hao wa vyuo vya haraka hawalisemi, nami nitalisema hata kama litamvunja moyo mdogo wako. Leseni haileti ajira. Tangu Katiba ya 2010 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Nafasi hutangazwa, unaomba, unaitwa kwenye mahojiano. Mwenye stashahada huanzia daraja la mshahara H, mwenye shahada daraja K. Huulizwi vyeti vya shule na leseni tu: kuna cheti cha tabia njema cha polisi, cha kodi, cha mkopo wa elimu na vinginevyo, furushi zima. Kuomba ni bure. Anayekuambia "nina mtu kwenye bodi, leta kitu kidogo" ni wa kumkimbia. Na wenye leseni halali walioko nyumbani wakisubiri tangazo ni wengi, wengine kwa miaka. Mimi mwenyewe nilianza kwa mkataba, mwaka mmoja mmoja, kila Juni moyo mkononi.

Asije akafikiri pia kwamba fiziotherapia ndiyo kazi pekee kwenye idara ya kurekebisha viungo. Kuna tiba kazi, inayomrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, yenye sheria yake na baraza lake vilevile tangu 2014. Kuna mafundi wa viungo bandia, wanaotengeneza miguu ya bandia, viatu vya miguu iliyopinda na mabanzi ya mgongo, na karibu nasi shule yao mashuhuri iko Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC. Kuna wanaofundisha watu kusema na kumeza upya, nao kwetu pwani ni adimu kama mvua ya Januari. Kama mdogo wako anapenda kushona na kutengeneza vitu kwa mikono, mwambie afikirie mafundi wa viungo bandia.

Sasa bibi. Nimesoma swali lako mara mbili, na mistari miwili imenishughulisha kuliko ada yote hiyo.

Bega kwanza. Mfupa wa mkono umekaa kwenye kikombe kidogo mno, na kinachoushikilia hapo hasa ni misuli. Misuli ikipooza, uzito wa mkono wenyewe huuvuta mfupa chini, siku baada ya siku. Mkalishe bibi kwenye kiti, mkono wa kushoto uachwe uning'inie, simama mbele yake. Kwenye ncha ya bega kuna mfupa unaoushika kirahisi. Shuka kidogo chini yake kwa kidole. Ukikuta kibonde ambamo kidole kinaingia, na upande wa kulia hakuna, bega limeanza kushuka. Bega kama hilo likinyanyuliwa kwa kuvutwa mkono, au mkono ukizungushwa juu ya kichwa kwa nguvu "ili ufunguke", nyama za ndani hubanwa na kuchanika. Maumivu yake humfanya mgonjwa ashindwe kulala na akatae mazoezi yote, hata yale mazuri. Nina wasiwasi kijana anafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Mkandaji yeyote akiona mkono mgumu hutamani kuunyoosha.

Basi asimguse bega tena mpaka aonwe. Bibi akikaa, mkono huo uwekwe juu ya mto, kiganja kikitazama chini, usiachwe kuning'inia. Akiinuliwa, asishikwe kwapani wala kuvutwa mkono. Chukua leso, ikunje iwe kama mkanda mpana, mfunge kiunoni fundo la nguvu, umshike hapo. Sisi tuna mikanda maalumu ya kazi hiyo, lakini leso ya pamba huifanya kazi ileile, na bibi haoni haya.

Pili, chakula. Umesema anabakisha nusu. Nusu ya chini, nusu ya pembeni, au nusu ya kushoto? Leo jioni mpe sahani ya wali kama kawaida. Akishaacha, usiiondoe na usiseme kitu. Izungushe tu mpaka ile sehemu iliyobaki ije upande wake wa kulia. Akianza kula tena kana kwamba umemletea sahani mpya, basi bibi hasusi chakula wala hajakosa hamu. Kiharusi kilichogusa upande wa kulia wa ubongo kinaweza kuufuta upande wa kushoto wa dunia: macho yanaona, ila ubongo hauhesabu. Mtu kama huyo huchana nusu ya kichwa, hugonga mlango kwa bega la kushoto, na huusahau mkono wake chini ya paja mpaka ukafa ganzi. Si kosa la kijana kutolijua hilo. Hakufundishwa. Ndiyo maana stashahada ni miaka mitatu: kukanda unaweza kujifunza wiki mbili kwa mtu mwenye mkono mzuri, lakini kumtazama mzee akila na kujua kilichoharibika kichwani kunahitaji uwe umewaona wengi, na mwalimu amesimama nyuma yako. Wenzetu wa tiba kazi, shirikisho lao la dunia linataka mwanafunzi awe na saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kwa wagonjwa kabla ya kuhitimu. Piga hesabu uone kozi ya miezi sita itazitoa wapi.

Na hao wa tiba kazi ndio ninaotaka hasa bibi awaone, akishaonwa na fizio. Sisi tutamsimamisha na kumtembeza. Wao watamwuliza: bibi, unataka kufanya nini? Pengine atasema anataka kukuna nazi. Usicheke. Nimemwona mwenzangu akimrudisha mama mmoja kwenye mbuzi kwa mkono mmoja. Walianza kwa kitambaa kibichi chini ya mbuzi isiteleze, nazi ikashikiliwa kwa mkono mzima, na mkono uliopooza ukawekwa juu ya goti uone kazi. Ilimchukua dakika ishirini kwa kipande cha nazi ambacho wewe ungekimaliza kwa mbili. Yule mama alilia, kisha akatulaumu kwamba nazi haikukunwa laini. Udhu je, kwa mkono mmoja? Kuvaa buibui kwa kuanza na mkono mgonjwa? Ngazi za nyumba zenu za Lamu, zile nyembamba za kupanda kama mnara, ashuke kwa mguu upi? Hayo yote yana majibu, na kila nyumba ina lake.

Mambo mengine mawili kwa haraka, kwa sababu hayasubiri. Bibi akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti ikimbadilika kama ya mtu mwenye maji kooni, mwambieni daktari, maana maji huenda yanaingia mapafuni. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa la moto na linauma, hakuna kukanda wala kuchua kwa mafuta ya uto. Ni hospitali siku ileile. Huenda ni bonge la damu, na kulikanda ni kulisukuma liende.

Usidhani nasema aliye na leseni hakosei. Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali nisiyoitaja, nilimwekea mzee mwenye kisukari kifurushi cha moto mgongoni bila kumpima kama ngozi yake inahisi. Nilikuwa na foleni ya watu kumi na wanne. Alisema hausikii moto, nikaongeza. Nilipofunua, ngozi ilikuwa imeota malengelenge kama ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Niliandika taarifa kwa mkono wangu, nikaitwa mbele ya mkubwa wangu, familia ikaja, nikaeleza. Kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kutumia joto bila mtu pembeni. Mpaka leo siweki kifurushi kabla ya kumgusa mgonjwa kwa pamba akiwa amefumba macho. Leseni ni hiyo kwa mgonjwa: kuna mahali pa kwenda kunishtaki, kuna jina langu kwenye daftari, na kuna watu wanaoweza kulifuta. Kijana wenu akimwunguza bibi, mtakwenda kwa nani?

Msimfukuze lakini. Mwambieni ukweli kwamba bega limekataza. Ana mikono, ana subira, na bibi amemzoea. Mkimpeleka bibi hospitali, nendeni naye. Mtaalamu akimwonyesha namna ya kumgeuza kitandani, ya kumsimamisha kwa leso na mazoezi mawili matatu ya kurudia nyumbani, atakuwa msaidizi wa maana kwa sababu atakuwa anafuata mpango wa mtu anayewajibika. Hata kwenye idara zetu kuna wasaidizi. Kinachomtofautisha ni kwamba hajiamulii tiba, wala hajiiti fizio. Na kama kazi hii ameipenda kweli, alama zake za kidato cha nne zitazamwe pamoja na za mdogo wako.

Kuhusu pesa: shilingi mia tatu mnazompa kwa kumkanda mara moja ndicho kiwango cha chini cha mchango wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa mwezi mzima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, na hulipa kituo chenye leseni na mkataba nayo, hailipi mtu anayebisha hodi nyumbani. Msio na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka kwa pamoja, na hapo ndipo watu hukwama. Kama bibi bado hajaandikishwa, hilo litangulie. Kisha muulizeni mtu wa dirishani pale hospitali ya King Fahd mazoezi yake yataingiaje kwenye kifurushi chake, mpate jibu kabla ya siku ya miadi.

Siku hiyo mchukueni kwa mkokoteni wenye godoro, au kwa boti ikiwa maji yamejaa na vijana wa kumbeba wapo. Msimpandishe punda, mizani ya kiwiliwili hana. Viatu viwe vya kufunga nyuma, ndala ziacheni nyumbani. Bebeni karatasi ya kuruhusiwa, dawa zote kwenye mfuko mmoja, na picha ya ngazi zenu mliyoipiga kwa simu. Mtaalamu akiingia, mwulize leseni yake ya mwaka huu. Mwenye nayo hachukii, mara nyingi imebandikwa ukutani nyuma yake. Halafu mtazame anavyoanza. Akimaliza bila kumvua bibi viatu, bila kugusa lile bega kwa kidole, wala kuuliza choo chenu kiko ghorofa ya ngapi, niandikie tena.